Mizinga Iliyookwa Bulla Pesa

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niandike kidogo kabla sijaanza kusahau, nami nakubali kwa sharti moja: hamtapata humu habari za vyeo, za uhamisho nilionyimwa, wala za yule bosi aliyepotea na gari la idara wiki nzima. Hayo tutayaongea kwa chai. Hapa nataka kuwaambia habari za ubao uliotafuna, na mwokaji mikate aliyenisaidia kuunyamazisha.

Kwanza mjue nilivyochekwa. Nimestaafu nikiwa mkaguzi wa afya ya misitu, na mti wangu mkuu ulikuwa msonobari, ambao kila mtu huku huuita paini. Ofisi yangu ya mwisho ilikuwa Isiolo. Miaka yote niliyoishi hapa sikumbuki kuona paini hata moja iliyosimama ndani ya mji huu. Kuna migunga, kuna mathenge, kuna miarobaini kwenye nyua za ofisi. Paini ziko kule juu, ukipanda barabara ya Timau mpaka baridi ikushike masikio. Jirani yangu wa mtaa wa Bulla Pesa alipenda kuniuliza kama serikali ingemtuma pia daktari wa samaki. Nilikuwa nikicheka naye, lakini wakati mwingine lilinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilijiuliza.

Kazi niliianzia kule juu, chini ya Mzee Gitonga. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kanisani. Mzee alikuwa ameketi kwenye gogo akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akasema "Muga," salamu ya Kimeru, akamaliza chai yake. Kisha akanipa mkoba wa turubai wenye shoka dogo, patasi, keke ya mkono ya kutobolea mti, na mifuko ya kutilia vipande. Viatu vyangu vilikufa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyevililia ila mimi.

Tulisimama kwenye paini iliyokuwa imegeuka kahawia tangu kileleni. Mimi nikaanza kusema mambo niliyosoma chuoni. Yeye akapiga magoti, akalifukua shina, akabandua gome kwa patasi. Chini yake palikuwa na utando mweupe unaonuka kama uyoga.

"Hii imeuawa kutoka chini," akasema. "Hii tunajua. Lakini kuna ingine inaua kutoka juu. Hiyo haijafika huku. Wewe kazi yako ni kuingoja."

Nikadhani ananitania. Hakuwa akitania.

Kwa wale waliojiunga nasi kutoka idara nyingine, ugonjwa wenyewe ni mnyauko wa paini. Unaletwa na mnyoo mdogo sana, huuoni bila hadubini. Mnyoo huu hauna miguu wala mabawa, kwa hiyo unasafiri kwa lifti: unaingia ndani ya mirija ya kupumulia ya mbawakawa mmoja mwenye vipapasio virefu kuliko mwili wake. Mbawakawa akienda kula gome laini la tawi lenye afya, mnyoo unashuka na kuingia pale palipotafunwa. Humo unazaana, na maji yanaacha kupanda. Ukichanja shina, utomvu hautoki. Majani yananyauka, yanakuwa manjano, kisha kahawia, na mti mkubwa unakufa ungali umesimama. Hapo mbawakawa wengine wanakuja kutaga mayai kwenye mti unaokufa, watoto wao wanakulia ndani ya ubao, na wakitoka wanatoka wamebeba mnyoo. Dawa ya kuuponya mti ulioshikwa hakuna. Unachoweza ni kuukata na kuuchoma kabla mbawakawa hawajatoka, na kuhakikisha hakuna ubao mbichi wa ng'ambo unaoingia na wageni ndani yake.

Mzee Gitonga alinifundisha kuutafuta. Unatoboa shina kwa keke, unakusanya vijivipande, unavifunga kwenye kitambaa chepesi, unavilaza ndani ya faneli yenye maji na mpira uliobanwa chini. Unaondoka, unaenda kulala. Kama kuna minyoo, inashuka yenyewe chini ya maji. Asubuhi unafungua mpira, unachukua matone machache, unayatia chini ya hadubini. Mara nyingi sana niliona minyoo, kwa maana ubao uliooza una minyoo ya kila namna, mingi haina neno na mtu. Ule niliotumwa kuungoja sikuwahi kuuona.

Nilipomletea taarifa yangu ya kwanza nikasema, kwa fahari, "Mzee, hakuna."

"Usiniambie hakuna," akanijibu. "Niambie umetafuta wapi."

Nilirudi msituni siku nzima kwa neno hilo. Wengi wenu mmenisikia nikilirudia mpaka mkachoka.

Basi nikaletwa Isiolo, na hapo ndipo jirani yangu alipokosea. Nililetwa kwa ajili ya barabara. Miradi ya barabara, ya umeme na ya visima ilileta mashine kutoka ng'ambo, na mashine husafiri ndani ya kreti za mbao, na mbao nyingi za kreti ni paini. Mashine zikishafunguliwa, kreti hubaki, na hapa mbao nzuri hazilali nje. Zinakuwa vitanda, makabati, milango ya kuku. Karakana za Bulla Pesa ziliishi kwa kreti.

Kreti ya halali huwa na muhuri uliochomwa ubavuni: alama ya suke la ngano, na herufi mbili, HT, zinazoonyesha kwamba ubao ulipikwa kwa joto kabla haujasafiri. Kazi yangu ilikuwa kusoma mihuri. Kazi rahisi, mtasema. Sasa mjue desturi ya mafundi wetu. Mteja wa Isiolo akiona maandishi kwenye kabati anasema ameuziwa sanduku la mzigo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho fundi wetu hufanya akishaivunja kreti, kabla hata hajang'oa misumari yote, ni kupiga randa juu ya muhuri mpaka uishe. Ubao unabaki mweupe, safi, mzuri, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema kama ulipikwa au haukupikwa. Nilikuwa nikifika karakana kusoma cheti na kukuta cheti kiko sakafuni, kimegeuka maranda, kuku wanakipekua.

Fundi niliyemjua vizuri zaidi ni Ekai. Alikuwa Mturkana aliyezaliwa hapa hapa mjini, mtu mrefu, mpole, mwenye kiburi cha kimya juu ya kazi yake. Mlango wa Ekai ukifungwa husikii kitu. Mwaka huo alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: kikundi cha wafugaji nyuki kule juu kilimwagiza mizinga, mingi, ya kuwekwa ukingoni mwa msitu wa paini. Alitia akiba yake yote kwenye kreti. Mkewe aliuza mbuzi. Hayo niliyajua kwa sababu Ekai alinieleza akiwa na furaha, na mimi nilifurahi pamoja naye.

Nilipita kwake asubuhi moja, wiki chache kabla ya mvua. Mizinga ilikuwa imepangwa mpaka darini, bado haijapakwa rangi, na karakana nzima ilinuka utomvu. Randa yake ya stima ilikuwa ikipiga kelele, kwa hiyo tulisalimiana kwa mikono. Halafu stima ikapotea, kama kawaida yake. Randa ikanyamaza. Na katika ule ukimya nikasikia kitu.

Kru. Kru. Kru.

"Panya," akasema Ekai.

Nilienda nikiweka sikio kwenye mzinga mmoja baada ya mwingine, mtu mzima nimeinama kama ninayesikiliza kifua cha mtoto. Kwenye mzinga wa chini sauti ikawa karibu. Palikuwa na unga wa mbao uliomwagika sakafuni, mnene, si ule laini wa dumuzi. Nikaomba patasi. Ekai alinipa bila kutaka. Nikapasua ubao kwenye kona, na humo ndani, kwenye handaki alilolichimba, alikuwa amelala buu mweupe, mnene kama kidole changu kidogo, mwenye kichwa cheusi. Alikuwa hai. Alizidi kutafuna hewa.

Niliogopa. Miaka yote niliyongoja, nilidhani siku hiyo ningejisikia mjuzi, lakini haikuwa hivyo. Buu hai ndani ya ubao maana yake ubao huo haukupikwa. Na buu wa aina hiyo ndiye hukua akawa mbawakawa mwenye vipapasio virefu.

"Hii ilikuwa na muhuri?" nikauliza.

"Kreti ingine ilikuwa nayo, ingine haikuwa," akasema. "Nilipiga randa zote, madam. Nani atanunua mzinga imeandikwa?"

"Unaweza kujua gani ni gani?"

Akaitazama mizinga yake, akatikisa kichwa.

Nilimweka buu kwenye chupa, nikachukua vipande vya ubao, nikavituma Nairobi kwenye maabara. Kisha nikampigia mkubwa wangu. Jibu lake lilikuwa fupi: kamata, choma. Kwa kanuni hakukosea. Majibu yangechukua wiki, mvua ilikuwa njiani, na joto na unyevu vikikutana mbawakawa hutoka. Mizinga ile ingepelekwa mahali pabaya kuliko pote, kwenye miguu ya paini zenyewe.

Nilipomwambia Ekai hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Madam," akasema, "huu mti unalinda, mimi sijawahi kuuona. Najua mbao yake tu. Watoto wangu unawaona kila siku wakienda shule. Sasa niambie, nichome ya watoto juu ya mti ya watu wa juu?"

Nilienda nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Ningechoma, Ekai angefunga karakana. Na kulikuwa na jambo jingine lililonikosesha usingizi: mafundi wote wa Bulla Pesa walikuwa wakiangalia. Nikimchoma Ekai aliyenifungulia mlango, kreti inayofuata itafichwa chini ya kitanda, na hapo tena sitamsikia buu yeyote akitafuna. Nikiiacha mizinga ipande, na ikawa imebeba mnyoo wenyewe, nitakuwa nimeupokea ugonjwa mlangoni na kuubebea mizigo.

Asubuhi nilienda kununua mkate kwa Mzee Guyo, mwokaji wetu, Mborana mwenye tanuri la matofali nyuma ya duka. Nilipokuwa nikingoja chenji, joto la tanuri likanipiga usoni kupitia mlango wa nyuma. Mikate ilikuwa imekwisha kutolewa. Tanuri lilikuwa tupu na bado linawaka kwa joto lake lenyewe.

Kanuni yetu, wenzangu, mnaijua kwa moyo: kiini cha ubao kifike nyuzi hamsini na sita na kikae hapo nusu saa mfululizo. Haisemi joto litoke wapi. Haisemi lazima liwe la Ulaya.

"Salaam aleikum, Mzee Guyo," nikasema, ingawa tulikwisha salimiana. "Hili tanuri likishatoa mikate unalifanyia nini?"

"Aleikum salaam tena. Linapumzika, kama mimi."

"Nikitaka kuoka mbao?"

Alinitazama akidhani jua limeniingia. "Abo! Mbao? Mtu atakula mbao?"

Nikamweleza. Ikabidi nieleze mara mbili, na mara ya pili alikuwa amevua kofia. Akaniuliza swali moja tu, kama mkate wake utanuka. Nikamwambia ukweli, kwamba huenda ukanuka. Akafikiri, akasema Ekai ndiye aliyemtengenezea mlango wa duka. Basi.

Mkubwa wangu nilimpigia tena. Akaisikiliza habari ya tanuri, akasema, "Nataka kuona kipimo, na simama hapo mwenyewe." Nilisimama.

Ekai aliifungua mizinga yote, msumari kwa msumari, kwa sababu mzinga mzima haukupita mlango wa tanuri. Nilitoboa ubao mnene kuliko zote kwa keke ile ile ya Mzee Gitonga, nikaingiza kipimajoto chenye waya mpaka kwenye kiini. Mara ya kwanza nilijifunza kitu ambacho hakimo vitabuni mwenu: ubao si mkate. Nje ulikuwa moto hata haushikiki, na ndani kipimo kilikuwa bado kimelala. Guyo alikuwa akisema "Tayari, tayari, rangi yake imeiva," nami namwambia bado. Ilibidi aongeze kuni. Tulipanga mbao kwa nafasi ili joto lipite katikati, tukaziba mlango kwa gunia bichi. Ndipo mshale ukaanza kupanda, taratibu, ukafika, ukapita. Tukakaa nusu saa yetu, tukaongeza na nyingine kwa sababu ya woga wangu.

Mbao chache zilipinda. Ekai alishika mmoja uliojikunja, akauweka kando. Lakini nyingi zilitoka zimenyooka, na alipozigonga kwa vidole zilitoa mlio mkavu ambao, alisema, hajawahi kuupata kwa ubao wa kreti. Tulifanya hivyo kila siku baada ya mikate, mpaka zote zikaisha. Mkate wa Guyo ulinuka paini mwezi mzima. Wengine walilalamika. Mzee mmoja wa mtaa wetu alisema umemponya kikohozi, akawa anakuja kuuliza kama ule wa dawa bado upo.

Kila ubao uliookwa niliupiga muhuri wangu wa ofisi, na Ekai akaapa hataugusa kwa randa. Mizinga ikajengwa upya, ikapanda lori, ikafika kabla ya mvua kubwa.

Majibu yakaja mvua ikiwa imekwisha anza. Buu alikuwa wa ukoo ule niliouogopa. Ubao wake ulikuwa na minyoo, lakini si mnyoo wenyewe. Ugonjwa haukuwapo.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba ni lazima nimwambie Ekai. Aliisikiliza karatasi yote nilipomsomea.

"Kwa hivyo tulioka bure," akasema.

Nilianza kumweleza habari za tahadhari, nikajisikia ninavyosema kama redio, nikaacha. Nikamwambia apande gari kesho twende.

Tulipanda mpaka juu. Alikuwa amevaa shati moja jepesi na alitetemeka. Tulishuka ukingoni mwa msitu, mizinga yake ikiwa imepangwa kwenye vigingi, nyuki wamekwisha kuingia kwenye baadhi. Hakuiangalia. Alikuwa amesimama mbele ya paini ya kwanza, kichwa kimerudi nyuma, akitafuta mwisho wake. Kofia yake ikaanguka, naye hakuiokota. Akaweka kiganja kwenye gome, akakinusa.

"Inanuka kama karakana yangu," akasema.

Tulitembea ndani. Ilikuwa kimya kule, maji yakidondoka kutoka kwenye majani. Tulifika mahali unapouona mteremko wote, weusi wa paini kwenda mpaka ukungu unapoanza, na nyumba za watu katikati, na moshi wa asubuhi.

"Hizi zote zingekauka?"

"Si kwa siku moja. Lakini ndiyo, Ekai. Zote."

Tukarudi garini. Akafunga mlango, akakaa mikono yake katikati ya magoti ipate joto.

"Madam, kuna kreti zingine nyuma ya nyumba. Sikukuonyesha. Haina muhuri. Kesho nakuja nazo, tuongee na Guyo."

Nilitazama dirishani mpaka Isiolo, kwa sababu nilikuwa nikilia na sikutaka anione.

Tangu siku hiyo mafundi wa Bulla Pesa wengi huacha muhuri ukionekana. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea, na sasa wapo wanaouuliza. Kazi yangu iliyobaki niliifanya kwa masikio ya watu wengine, na sikuwahi kuupata mnyoo ule. Taarifa yangu ya mwisho inasema hakuna, na chini yake nimeandika kila mahali tulipotafuta. Ni ukurasa mrefu.

Juzi, nikiwa nyumbani na miguu yangu kwenye beseni, Ekai alinipigia simu. "Madam, nimesikia ingine inatafuna." Nikamkumbusha kwamba nimestaafu, apige ofisini. Akasema amepiga mara nyingi, inalia tu, hakuna anayeshika. Nikavaa viatu, nikaenda kusikiliza. Safari hii alikuwa panya kweli, na tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo, na ndiyo sababu nimeandika haya yote. Wewe uliyeketi sasa kwenye kiti changu, simu iliyo upande wa kushoto wa meza, ile ya waya, ndiyo wanayoijua. Ikilia, shika. Usimwulize anayepiga ni nani wala ana cheti gani. Mwulize amesikia wapi.